Hesabu ya Nafsi kabla ya Mahojiano: Maneno kwa Vijana Waombao Vyuo vya Biashara



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo hapa Kibuli, na nawashukuru viongozi wa chama chetu walionipa heshima ya kusimama mbele yenu. Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo vijana wengi wamekuwa wakiniuliza nyumbani na barazani, nalo ni hili: mtu ajitayarishe vipi anapoitwa kuhojiwa na chuo cha biashara, na afanyeje anapopewa vile vipimo vya tabia ambavyo siku hizi vyuo na makampuni hupenda kuvitumia? Huenda mzee mmoja akasema moyoni mwake, "Jambo hili lawahusu wachache wenye shahada, mimi lanihusu nini?" Namwomba anistahimili kidogo, kwani kabla sijamaliza atajiona na yeye ana kazi ndani yake.

Twajua sote tulikotoka. Kabla ya uhuru wa mwaka 1962 shule nyingi za nchi hii zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wetu wengi walichelea kuwapeleka watoto huko wasije wakaiacha dini yao. Waliokosa mlango wa shule waliingia mlango wa biashara. Wakawa wachinjaji na wauza nyama, madereva, mafundi cherehani, wenye maduka. Wazee wakaona hatari ya jambo hilo. Mwaka 1944 wakaunda Uganda Muslim Education Association ili watoto wetu wapate shule zao. Marehemu Prince Badru Kakungulu akatoa ardhi katika kilima hiki, na msikiti huu tuuonao ukafunguliwa mwaka 1951. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa Mbale. Mwaka 1997 kikaundwa Chuo cha Biashara cha Makerere pale Nakawa. Mwaka 2016 sheria ya mabenki ya Uganda ilibadilishwa ili kuruhusu benki zifuatazo kanuni za Kiislamu, na mwaka 2023 benki ya kwanza ya namna hiyo ikapewa leseni.

Basi nawauliza: ni nani watakaoziongoza shughuli hizi? Biashara twaijua tangu utotoni. Lakini uongozi wa shirika kubwa, lenye watumishi mia na hesabu za mamilioni, wataka elimu yake, na elimu hiyo mlango wake una bawabu. Bawabu huyo ndiye mhojaji. Nimewaona vijana wetu wenye akili njema na vyeti safi wakifika mbele yake na kurudi mikono mitupu, na sababu haikuwa ujinga. Sababu ilikuwa kwamba hawakujua kujieleza.

Naanza na habari yangu mwenyewe, isije ikadhaniwa nawacheka wengine. Miaka mingi iliyopita niliitwa kuhojiwa na chuo kimoja cha ng'ambo. Nilijitayarisha kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo sura: niliandika maswali thelathini na majibu yake, nikayakariri usiku na mchana. Siku ilipofika niliulizwa, "Tueleze kazi uliyoiharibu, na ulifanya nini baadaye." Katika majibu yangu thelathini hilo halikuwamo. Nikatoa lililokuwa karibu, nikasema, "Kosa langu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi." Mhojaji akatabasamu, akaandika neno moja. Kisha akaitazama karatasi yangu akaniuliza, "Hapa naona miaka mitatu haina kitu. Ulikuwa wapi?" Ndugu zangu, miaka hiyo mitatu baba yangu alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa nikiliendesha duka lake la vyuma kule Kisenyi. Nilinunua, nikauza, nikawadai waliokopa, nikawasihi waliotudai sisi, nikawalipa vijana wawili mshahara kila mwezi. Lakini nililiona duka hilo ni jambo dogo lisilofaa kutajwa mbele ya mabwana wale, nikalificha. Nikajibu, "Nilikuwa nyumbani." Chuo hicho hakikunichukua, na hakikukosea. Mimi ndimi niliyeacha mali yangu yote nyumbani, nikaenda sokoni na maneno ya kuazima.

Baadaye, nilipojaliwa kupata elimu hiyo kwa njia nyingine, nilipata pia kukaa upande wa pili wa meza, upande wa wahojao. Hapo ndipo nilipofahamu wanachokitafuta. Vyeti wameviona katika karatasi. Wanataka kujua mambo manne: umefanya nini kwa mikono yako, ulifikiri nini ulipokuwa ukifanya, waliofanya nawe walikuonaje, na elimu hii waitakia nini. Mambo hayo hayakaririwi. Ni lazima mtu ayachimbue katika maisha yake mwenyewe.

Hapa pana kikwazo chetu, nacho kimetoka katika wema wetu. Sisi hapa Kampala mtu akiulizwa biashara yaendaje, hata kama jana amepata faida kubwa, hujibu kwa Kiganda, "Tugezaako," yaani twajaribu. Tumelelewa hivyo: kutojikweza, kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kusema "sisi" mahali pa "mimi". Adabu hiyo ni nzuri, wala sitaki mtu aitupe. Lakini mhojaji hana njia ya kujua ya kwamba nyuma ya "twajaribu" kuna duka, watumishi na miaka mitatu ya jasho. Yeye huandika alilolisikia.

Vijana wengine huniambia, "Mwalimu, kujisifu si ni riya?" Nawajibu, tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf, alayhi ssalaam. Alipotolewa gerezani akasimama mbele ya mfalme wa Misri, hakunyamaza kwa haya. Aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili zilizohusu kazi ile: kwamba ni mlinzi na kwamba ni mjuzi. Hakuongeza ya tatu. Ndipo tupate kipimo: sema lililo kweli, lihusulo kazi, kisha nyamaza. Riya ni kutenda ili usifiwe, na kibri ni kuwadharau wenzio. Kutoa ushahidi wa kweli ulipoulizwa si riya wala kibri. Tena mwenye kuficha alichopewa, mahali ambapo watu wangefaidika nacho, amepunguza amana.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kila mfanyabiashara wa Kikuubo ajua kwamba mwisho wa mwaka hufunga duka, akahesabu mali rafu kwa rafu. Asiyehesabu hajui anacho nini. Basi miezi mitatu kabla ya kuomba chuo, kila kijana na anunue daftari, aifanyie nafsi yake hesabu kama hiyo. Aandike matendo kumi ya maisha yake: aliyoyafanya kazini, shuleni, dukani, msikitini, katika jamii. Na kila tendo aligawe mafungu manne: hali ilikuwaje; jukumu lake lilikuwa lipi; alitenda nini yeye; na tokeo lilikuwa nini.

Nitoe mfano. Binti mmoja aliniletea daftari lake, ameandika, "Nilisaidia madrasa." Nikamwambia, hili ni kama kusema "dukani mna vitu". Tukakaa, tukauliza, nikasikia habari yenyewe. Paa la madrasa lilikuwa likivuja, na wazazi wamekataa kuchanga kwa kuwa mchango wa kwanza haukutolewa hesabu. Yeye akaomba aandike kila shilingi katika karatasi kubwa ibandikwe mlangoni kila Ijumaa. Baada ya wiki chache watu wakaona fedha zao, wakaanza kutoa tena, na paa likaezekwa. Huyo amefanya kazi ya mweka hazina na ya kiongozi: alirudisha imani ya watu kwa kuweka hesabu wazi. Naye alikuwa ameyafunga yote hayo katika maneno mawili! Katika daftari hilo hilo nikamwonya aandike pia kwamba wazo la kubandika karatasi alilipata kwa mama yake auzaye nguo Owino. Mwenye kutaja haki ya mwenzie huaminiwa zaidi anapotaja haki yake.

Kati ya matendo kumi, matatu na yawe ya kushindwa. Mhojaji hulipenda sana swali la kosa, na jibu lake halihitaji ujanja. Taja kosa la kweli, useme lilimgharimu nani, useme ulibadilisha nini baadaye. Walakini usitaje kosa la mwingine ukalivika jina lako, wala usimlaumu mkubwa wako wa kazi.

Daftari likisha kujaa, jizoeze kusema kila tendo kwa dakika mbili. Usilikariri neno kwa neno. Shika mafungu manne, na maneno yatajileta. Jizoeze mbele ya watu watatu: mmoja akujuaye, apate kukurudi ukitia chumvi, mmoja ajuaye biashara, na mmoja mgeni asiyekujua kabisa, kwani ndiye afananaye na mhojaji. Ikiwa mahojiano yatakuwa kwa Kiingereza, jizoeze kwa Kiingereza, polepole. Sentensi fupi iliyo sahihi ina heshima kuliko ndefu iliyokatika njiani.

Kisha ujue ya kwamba mahojiano si ya namna moja, na yapasa usome tangazo la chuo chako vizuri. Chuo cha biashara cha Harvard, kule Marekani, humhoji mtu kwa muda wa nusu saa, na mhojaji huwa amekwisha kusoma maombi yake yote. Huko usirudie yaliyoandikwa, bali uyafungue. INSEAD ya Ufaransa huwatumia watu waliopata kusoma chuoni hapo, na kwa kawaida mwombaji huonana na wawili. Wharton, iliyo Philadelphia, tangu mwaka 2012 imekuwa ikiwaweka waombaji watano au sita pamoja, wazungumze jambo moja kwa dakika 35 huku wakitazamwa. Hapo mwenye kuwanyima wenzie nafasi ya kusema huanguka, na asiyesema kabisa huanguka vilevile. Sisi tuliokulia katika baraza na mashauriano ya ukoo tungefaa kuwa hodari wa jambo hilo, maana twajua kusikiliza. Illa tukumbuke na kutoa shauri. Vyuo vingine huweka swali katika kompyuta, ukapewa muda mfupi wa kufikiri na muda mfupi wa kujibu, hapana uso wa mtu mbele yako. Kwa huo jizoeze nyumbani mbele ya simu, na utafute mahali penye utulivu ambapo umeme na intaneti havikatiki ovyo.

Nije sasa kwenye vipimo vya tabia, ambavyo naona vinawatia watu hofu kama kwamba ni uganga. Si uganga. Mwaka 1936 wataalamu wawili wa Marekani, Allport na Odbert, walifungua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa humo maneno 17,953 yawezayo kumweleza mtu alivyo. Waliowafuata waliyapunguza na kuyapanga, hata wengi wao wakakubaliana juu ya mafungu makuu matano: kupenda mambo mapya, uangalifu wa kazi, uchangamfu mbele ya watu, upole na kupatana na wenzio, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu ana sehemu ya kila fungu, huyu nyingi, huyu kidogo. Mwaka 1991 wataalamu Barrick na Mount walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha fanywa, wakaona kwamba katika hayo matano ni uangalifu wa kazi ulioambatana na utendaji mwema katika kazi za namna zote: kutimiza ahadi, kufika kwa wakati, kumaliza ulichoanza. Tazameni, ndugu zangu: mambo ambayo mashekhe wetu hutuhimiza kila siku.

Kipo pia kipimo mashuhuri cha Myers na Briggs, binti na mama yake, kiwagawacho watu katika aina 16. Hicho chaweza kumsaidia mtu kujifikiri, lakini wataalamu wengi wamekilaumu, kwa kuwa mtu aweza kukifanya leo akaambiwa ni wa aina hii, na baada ya wiki chache akaambiwa ni wa aina nyingine. Kwa hivyo asije kijana akabandikwa jina na karatasi akalichukua kama hukumu ya maisha yake.

Chuo cha usimamizi cha Yale kimepata kuwapa waombaji kipimo katika kompyuta ambamo mtu huonyeshwa maneno mawili mawili, achague lipi lamfanana zaidi. Mara nyingine yote mawili ni mazuri, mathalan "Namaliza kazi kwa wakati" na "Nawasaidia wenzangu." Hutakiwi useme lipi ni jema, watakiwa useme wewe ni yupi. Mtindo huu ulitungwa makusudi ili isiwe rahisi kwa mtu kujipaka rangi. Na vipimo vingine hutega maneno kama "Sijapata kukasirika maishani mwangu." Anayekubali kila neno la namna hiyo hudhihirika kwamba anajipamba.

Basi shauri langu juu ya vipimo hivi ni fupi. Lala mapema. Soma maagizo mara mbili. Jifikirie ulivyo kazini siku za kawaida, si ulivyo siku ya Idi. Jibu kwa neno la kwanza la kweli likujialo, usigande. Usimwombe ndugu yako mwenye akili zaidi akufanyie, kwani huo ni ushahidi wa uwongo, na ukija kuhojiwa utaonekana mtu mwingine. Wala usitafute watu wauzao majibu. Ukipenya kwa sura isiyo yako, itakubidi uivae miaka yote ya masomo.

Yapo na mambo ya adabu ya dini ambayo vijana huniuliza. Ukipewa saa ya mahojiano Ijumaa mchana, andika barua mapema na kwa upole uombe saa nyingine. Wahojaji wengi hukubali wakiambiwa mapema, na huudhika wakiambiwa siku yenyewe. Asiyepeana mkono na asiye maharimu wake, na aweke mkono kifuani, atabasamu, aseme neno la salamu kwa uchangamfu. Uso uliokunjamana ndio udhio. Kumtazama usoni akuulizaye kwa heshima si utovu wa adabu mahali pale. Na ukiulizwa utafanyaje katika elimu ya fedha hali dini yako yakataza riba, usione haya wala usiwahutubie. Waeleze kwa utulivu biashara ya kushirikiana faida na hasara, uwaambie na habari ya sheria ya mwaka 2016 hapa kwetu. Hiyo ni elimu ambayo pengine wao watajifunza kwako.

Sasa niwageukie wazee, kama nilivyoahidi. Kijana hawezi kuandika matendo kumi ikiwa hatukumwachia atende hata moja. Tunawatuma vijana kubeba mizigo, tukawanyima daftari la hesabu. Katika kamati za misikiti twawaita kupanga viti, si kupanga bajeti. Naomba kila mwenye duka amkabidhi mwanawe, wa kiume au wa kike, sehemu moja ya duka aiendeshe na kuitolea hesabu. Naomba kila kamati impe kijana mmoja kazi yenye amana. Na tunapotakiwa kuwaandikia barua za kuwashuhudia, tuandike tuliloliona kwa macho yetu. "Ni kijana mwema wa familia njema" ni maneno yasiyomsaidia mtu. "Alikaa na funguo za ghala miezi minane, wala hakukupotea kitu" hayo humfungulia mlango.

Na wewe kijana uliyekataliwa mwaka huu, jua kwamba nami nilikataliwa. Chukua daftari, uandike ulichoulizwa na ulichojibu hali bado wakumbuka, ukalitazame tena mwakani. Chuo kimekataa maombi yako. Hakikuihukumu thamani yako.

Ndugu wasikilizaji, baba yangu alipokuwa karibu kufa alinitaka nimletee madaftari ya duka. Nilidhani ataka kujua nani anamdai. Akayafungua, akaangalia mwandiko wangu wa ile miaka mitatu, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Haya ndiyo masomo yako ya kwanza." Mimi nilikuwa nimeyaficha mbele ya wahojaji. Nawaomba ninyi msiyafiche yenu.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri, aulainishe ulimi wa kila asemaye kweli, na awalipe wazee waliotutangulia katika kazi hii. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.